Kusoma Mawe ya Goma: Namna ya Kuchunguza Alama za Volkano Kuanzia Uani Kwako

Mtu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anaamka juu ya lava, anatembea juu ya lava kwenda kazini, na jioni anaegemea ukuta wa lava akisubiri chakula kiive. Tumeizoea mpaka hatuioni. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoka Jumamosi asubuhi na wanafunzi wachache kwenda kupima mawe katika kartie (mitaa) zetu. Kilichonisukuma kuandika haya ni ukuta mmoja wa lava kule Munigi, uliofunguliwa na wachimba mawe. Tuliupima mara moja tu. Tuliporudi baada ya likizo ulikuwa umekwisha: umepasuliwa, umepondwa kokoto, umeingia katika misingi ya nyumba za watu.

Silaumu mtu. Watu wanahitaji nyumba, na akina mama wanaoponda wanahitaji kulisha watoto. Lakini ukuta ule haurudi tena, na kurasa nne za kaye (daftari) yetu ndizo zilizobaki. Natamani kila ukuta wa lava unaofunguliwa mjini upate mtu wa kuupima kabla haujaisha, na mtu huyo si lazima awe na diploma ya jiolojia.

Jua kwanza lava inatoka wapi

Milima inayotupa lava ni miwili. Nyiragongo, wenye mita 3,470, ndio ulio karibu na mji. Nyamulagira, mita 3,058, uko nyuma yake upande wa kaskazini-magharibi, na lava yake kwa kawaida hubaki ndani ya mbuga ya Virunga, ingawa ile ya 1938 hadi 1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake.

Lava ya Nyiragongo ina silika (kitu kilekile kinachojenga mchanga na kioo) kidogo mno, karibu asilimia 40 ya uzito wake. Silika ndiyo inayoifanya lava iwe nzito kumiminika. Ikipungua, lava inakimbia kama mawese yaliyopashwa moto. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta (shimo la kileleni) lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya mteremkoni walikutwa njiani. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka upande wa kusini, kuanzia juu mlimani hadi karibu na Munigi. Lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Ziweke kichwani tarehe hizo tatu, maana kila jiwe utakaloshika utajiuliza kama ni la mojawapo ya siku hizo au ni la kabla ya babu zetu.

Mazuku, kabla ya kitu kingine chochote

Usiruke sehemu hii. Kuna mashimo na mabonde madogo, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake na kandokando ya ziwa, ambamo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kutulia chini kama maji ndani ya beseni. Ndiyo hiyo tunayoiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama huku mtoto aliye kando yake, au yeye mwenyewe akiinama kuokota jiwe, akianguka na kufa. Na kazi yetu ni kuinama.

Kwa hiyo usishuke katika shimo lolote la lava kabla ya kuwauliza wakaaji wa hapo. Wao wanajua mbuzi alifia wapi. Ukiona nyasi zilizokauka mahali pamoja tu wakati pembeni ni kijani, au ndege na wadudu waliokufa, ondoka. Alfajiri na usiku ni saa mbaya zaidi, kwa kuwa upepo umetulia na gesi imejaa. Mtu akianguka shimoni usimrukie. Wengi wamekufa kwa kumfuata ndugu yao.

Jambo lingine ni kwamba mwongozo huu haukupeleki juu mlimani. Ndani ya mbuga kuna sheria zake, na hali ya usalama inabadilika. Mji peke yake una mawe ya kukutosha miaka mingi.

Vya kubeba

Nyundo nzito, miwani ya kulehemu (lava ya kioo hurusha vipande vyenye makali ya wembe), glavu, mita ya fundi, kioo cha kukuzia, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, chupa ndogo ya siki, mifuko ya plastiki, kaye yenye jalada gumu, penseli na biki ya kuandikia juu ya plastiki. Simu yenye GPS inafaa sana. Dira pia, lakini kaa ukijua kwamba lava yetu ina chembe za chuma zenye sumaku: ukiiweka dira juu ya jiwe, sindano inapotea. Simama umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye jiwe na uishike kifuani. Dira ya ndani ya simu inadanganywa vilevile.

Omba ruhusa, kisha chora kabla ya kugusa

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale wachimba mawe wanapofungua ukuta mpya, au pale mtu anapochimba shimo la choo. Mwambie mwenye mahali unachotaka. Mimi husema: «Mama, shikamoo, tunaomba kupima jiwe lako, hatutalichukua.» Mara nyingi wanacheka, halafu wanakuwa walimu wetu. Mama mmoja aliyeponda kokoto kwa miaka mingi alinionyesha kitu nilichokuwa sikijui: kwa kusikia tu mlio wa nyundo alijua kama jiwe limetoka juu ya ukuta au katikati. La juu hulia kwa sauti butu na kuvunjika ovyo. La katikati hulia kama kengele na kupasuka sawasawa. Yeye hulitafuta la katikati kwa ajili ya msingi na kuliacha la juu kwa kujazia. Alikuwa ameshagawa ukuta katika matabaka kabla sisi hatujafungua kaye.

Ukipata ruhusa, usipige nyundo. Rudi nyuma hatua kumi, upige picha yenye mtu au kitu kinachoonyesha ukubwa, kisha chora ukuta wote kwa penseli. Mchoro unakulazimisha kuangalia. Picha peke yake haikulazimishi. Andika tarehe, kartie, namba za GPS na ukuta unatazama upande gani.

Soma ukuta kutoka chini kwenda juu

Hapa ndipo utajiri ulipo, usiwe na haraka.

Chini kabisa tafuta udongo wa zamani, ule lava ilioupitia juu. Ukiwa na bahati utauona mwekundu kama tofali kwa sentimita chache, kwa sababu lava iliuoka. Juu yake kuna kitako cha lava: vipande vilivyovunjika na matundu membamba yaliyosimama kama mirija. Mirija hiyo ni njia ya gesi na mvuke uliopanda wakati lava bado inatembea, na mara nyingi imelala kuelekea kule lava ilikokwenda. Pima imelala upande gani, andika.

Katikati kuna lava nzito, yenye matundu machache, imepasuka kwa nyufa za wima. Nyufa hizo si za tetemeko. Jiwe likipoa linanywea, na likinywea linapasuka, kama matope ya dimbwi lililokauka. Juu kabisa kuna ganda lenye matundu mengi, maana mapovu ya gesi hupanda kama povu la bia na kunaswa chini ya ngozi iliyoganda mapema.

Uso wa juu uangalie peke yake. Ukiwa laini, wenye mikunjo kama kamba zilizolazwa au kitambaa kilichosukumwa, wataalamu wanauita pahoehoe, neno la watu wa Hawaii. Mikunjo hiyo hupinda kama upinde, na tumbo la upinde linaelekea kule lava ilikokuwa ikienda. Ukiwa wa miba na vipande vinavyokata viatu, unaitwa aa, nalo ni neno la hukohuko. Lava ileile ya siku moja inaweza kuanza laini na kuishia ya miba baada ya kupoa na kupoteza gesi.

Sasa kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Anaona matabaka mawili ya lava, moja juu ya jingine, anaandika «milipuko miwili». Angalia mpaka wenyewe. Kati yao kuna udongo, mizizi, makaa, au wekundu wa kuokwa? Kama vipo, kweli muda umepita. Kama mpaka ni ngozi nyembamba ya kioo tu na jiwe juu ya jiwe, basi ni ulimi wa lava uliopanda juu ya ulimi mwenzake, pengine saa chache baadaye, siku ileile. Pima unene wa kila ulimi. Mjini, lava ya 2002 ilifikia hata mita 2 za unene, na ndiyo sababu kuna nyumba ambazo ghorofa yao ya chini imekuwa chumba cha chini ya ardhi.

Vunja jiwe moja, uliangalie kwa kioo

Vunja kipande cha katikati upate uso mpya, usiochakaa. Ulowanishe kidogo kwa maji, fuwele zitajitokeza. Lava nyingi ya Nyiragongo ni nyeusi au ya kijivu, laini, bila fuwele nyingi za kuonekana kwa macho. Yenyewe imejaa nefelini, leusiti na meliliti, madini yanayotokea pale ambapo silika ni haba. Katika baadhi ya lava za zamani utaona vidoa vyeupe vya mviringo kama mbegu za ufuta au zaidi: hiyo ni leusiti. Chembe za kijani kibichi kama chupa ya bia ni olivini. Nyeusi zinazong'aa, zenye umbo la mbao fupi, ni pirokseni. Hizi mbili utazikuta kwa wingi zaidi ukipata jiwe la Nyamulagira.

Ukiona matundu yamejaa kitu cheupe, tia tone la siki. Likichemka, hata kidogo tu, ni chokaa iliyoletwa na maji baadaye, na jiwe hilo lina umri. Usikiandike kama fuwele ya lava.

Pima uzito kwa mizani ya jikoni

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, kwa kuwa linageuza maneno kuwa namba. Pima jiwe kavu kwenye mizani. Lifunge ndani ya plastiki nyembamba inayobana, ili maji yasiingie kwenye matundu. Kisha weka beseni la maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, na ulizamishe jiwe likiwa limening'inia kwa uzi, lisiguse chini wala pembeni. Gramu utakazosoma sasa ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo.

Mfano: jiwe kavu gramu 620, ndani ya maji mizani inasoma 270. Gawa 620 kwa 270, unapata 2.3. Fanya hivyo kwa jiwe la juu, la katikati na la chini ya ukuta uleule, na uweke namba tatu pembeni ya mchoro. La katikati litazidi. Ndiyo ile sauti ya kengele aliyoisikia mama.

Lava ilikimbia kiasi gani

Pale lava ilipopiga mti, nguzo au pembe ya ukuta, huacha alama ya juu upande iliotokea na alama ya chini upande wa nyuma, kama maji ya mto yanavyopanda kwenye nguzo ya daraja. Miti yenyewe imeungua zamani, lakini wakati mwingine ganda la lava lililoizunguka limebaki limesimama kama bomba, na ukichungulia ndani unaona chapa ya magome.

Pima tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma, kwa mita. Zidisha kwa 19.6, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mita kwa sekunde. Tofauti ya sentimita 10 inatoa mita 1.4 kwa sekunde, karibu kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Sentimita 60 inatoa karibu kilomita 12 kwa saa, na hapo mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuishinda kwa mbali. Lichukulie jibu kama kiwango cha chini, kwani lava hupoteza nguvu kwa kujisugua. Chukua vipimo vingi, usiamini kimoja.

Kilima kilicho karibu na bandari: mashapo ya mlipuko wa maji

Si kila kitu Goma ni lava iliyomiminika. Mlima Goma, kile kilima cha mjini karibu na bandari, na duara la Lac Vert, ziwa dogo la upande wa magharibi, vilijengwa na milipuko ya namna nyingine: magma (mwamba ulioyeyuka ambao bado uko chini ya ardhi) ilikutana na maji karibu na uso wa ardhi. Maji yakigeuka mvuke ghafla hutanuka zaidi ya mara 1,000, na magma inasagwa kuwa unga. Unga huo ukashuka tabaka juu ya tabaka hadi ukawa kilima.

Ukipata mahali palipokatwa, wa kwanza kukuambia ni mkono wako: mwamba ni wa kikahawia au kijivu, unachambuka kwa kucha, una mistari kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Tafuta mambo haya. Jiwe kubwa lililokaa katikati ya mistari, na mistari ya chini yake imebonyea kama godoro lililokaliwa: jiwe lile lilirushwa hewani likaangukia majivu yaliyokuwa bado laini na yenye maji. Ubonyeo ukiegemea upande mmoja, unakuonyesha jiwe lilitokea upande gani. Tafuta pia vidonge vya majivu, vidogo kama njegere, vyenye maganda kama kitunguu. Hivyo huundwa ndani ya wingu lenye unyevu, chembe ikishika chembe. Na vipande vya miamba ya zamani, isiyofanana na lava yetu, vilivyong'olewa chini na mlipuko.

Saizi zina majina na mipaka. Chini ya milimita 2 ni majivu. Kati ya milimita 2 na 64 ni lapili. Zaidi ya 64 ni mabomu kama yalirushwa yakiwa laini, au mabonge ya mwamba kama yalikuwa tayari yameganda. Kwa chekeche la unga na rula unaweza kugawa kilo moja ya mashapo, ukapima kila fungu, na kuandika asilimia.

Halafu jiulize kila tabaka liliwekwa na nini. Majivu yaliyoanguka kutoka angani hulala sawa juu ya mlima na bonde, kama blanketi. Yaliyosukumwa na wingu la mlipuko likiambaa ardhini huwa manene bondeni na membamba kwenye nundu, na yana mawimbi. Yaliyosombwa na mvua hujaza mifereji, na chembe zake zimechakaa pembe. Hayo ya mwisho yako kila mahali mjini, na wengi huyachanganya na majivu halisi. Pitisha sumaku: chembe nyeusi za chuma zilizokusanyika mstari mmoja mara nyingi ni kazi ya maji.

Majivu yakinyesha leo

Siku nyingine mlima unatuletea mashapo mapya mezani. Ukiona vumbi jeusi juu ya mabati, au nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, vaa barakoa, funika tangi la maji ya mvua, kisha fanya kazi haraka kabla mvua haijaosha. Tandika plastiki ya sentimita 50 kwa 50 mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na uweke mawe pembeni. Andika saa ya kutandika na saa ya kukusanya. Pima gramu ulizopata, zidisha kwa 4, hizo ni gramu kwa mita ya mraba. Watu kumi wakifanya hivyo katika kartie kumi tofauti, tayari kuna ramani. Nyuzi za kioo usizishike kwa mkono mtupu na usipanguse macho.

Umri, na wazee

Lava ikipoa huvaa taratibu. Kwanza huja likeni ya kijivu-nyeupe kama ukungu mgumu, kisha kangaga kwenye nyufa, kisha vichaka. Linganisha jiwe lako na lava unayoijua tarehe yake kwenye mwinuko na mvua sawa. Usilinganishe Buhene na Kibumba, iliyo juu zaidi. Chini ya lava ya zamani tafuta makaa ya mti. Ukiyapata, usiyashike kwa vidole: yachukue kwa kisu safi, yafunge kwenye karatasi ya alumini, maana maabara inaweza kuyapima kwa kaboni na kutoa umri.

Na uliza wazee. Mzee mmoja alinionyesha mahali lava ilipogawanyika njia mbili, akitumia mti wa mwembe ambao haupo tena na kibanda cha jirani aliyehama. Mchoro wangu ulikuwa na mstari mmoja. Tulirudi, tukachimba kidogo kwa mkono, na ulimi wa pili ulikuwa palepale alipokanyaga. Andika maneno yao kama walivyoyasema, na kando yake kipimo chako, bila kurekebisha kimoja kwa kufuata kingine.

Kuhifadhi

Kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi kwa kila tabaka kinatosha. Paka doa la rangi nyeupe juu ya jiwe lenyewe na uandike namba juu yake, halafu urudie namba hiyo kwenye mfuko na kwenye kaye, pembeni ya mchoro. Lebo ya karatasi ndani ya mfuko huoza, panya huitafuna, na jiwe lisilo na namba linarudi kuwa jiwe la kujazia. Chora mshale kuonyesha upande uliokuwa juu kabla hujalitoa ukutani. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zote za kaye na uzitume kwa watu wawili nje ya nyumba yako, na nakala moja uipeleke kwa wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano zetu. Tarehe 27 Mei 2021, tulipoambiwa tuhame, wengi tuliondoka na begi moja tu.